Fundi Jiwe wa Upande wa Chini

Ndugu waombolezaji, kabla ya lolote familia inawaomba wote mliosimama upande wa chini wa uwanja huu wa makaburi, kule ambako hakuna mawe, mrudi nyuma ya kamba, taratibu, mkitazama mnapokanyaga, kwa sababu ambayo itaeleweka kabla karatasi hizi hazijaisha. Vile vitofali mlivyoviona vimepangwa getini si vya kaburi. Vililetwa wiki hii kwa kazi nyingine, na mpaka asubuhi ya leo, wachimbaji wakiwa wamekwisha kushika majembe, ilikuwa haijajulikana bado kama atakayelala hapa ni marehemu au ni vitofali hivyo.

Msomaji wa historia hii ni kaka wa mjane, shemeji mkubwa wa marehemu, aliyekuwa karani wa masjala maisha yake yote ya kazi, na ameombwa asome kwa kuwa familia inamwamini hatatia chumvi.

Marehemu, ambaye wakubwa kwa wadogo mlimwita Fundi Jiwe, alizaliwa tarehe 3 Juni 1946, katika nyumba za wafanyakazi wa machimbo ya mawe, akiwa mtoto wa tatu wa baba mpasua mawe na mama muuza mkaa. Aliingia shule ya misheni Januari 1955 na kumaliza darasa la nane mwaka 1962. Katika masomo yote, alilopenda zaidi ni mwandiko, na mwalimu wa mwandiko ndiye aliyemchapa fimbo ambayo marehemu aliisimulia mpaka uzeeni, kwa kosa la kuandika jina la mwenzake likiwa na herufi moja pungufu, huku akimwambia, "Umemkata mtu kidole, mpumbavu wewe, mrudishie." Marehemu alisema tangu siku ile hakumkata tena mtu kidole, na kazi zake zilizotuzunguka hapa ni ushahidi.

Mwaka 1963 alikwenda kujifunza kazi kwa mchonga mawe mmoja mzee, hodari wa patasi na mkali wa ulimi, na mwaka 1968 akafungua karakana yake mwenyewe nyuma ya stesheni, chumba kimoja chenye mlango mpana, benchi la mbao nzito, na vumbi jeupe lililokaa juu ya kila kitu, hata juu ya kope za mwenye chumba. Karibu mawe yote ya upande wa juu yametoka mikononi mwake. Mkigeuka sasa hivi mtaona herufi zake, zilizosimama wima kama askari wa gwaride. Wateja waliokuja wakilia aliwapa kigoda, akawaandikisha jina la marehemu wao mara mbili, akalisoma kwa sauti, na kama walitaka kwenda bila jiwe kwa sasa, aliwaambia neno lake la siku zote: "Kaburi ni jiwe. Pasipo jiwe ni udongo tu." Neno hilo mlishike, kwa kuwa lilimrudia.

Tarehe 16 Agosti 1969, katika kanisa hili lililo nyuma yetu, alifunga ndoa na dada wa msomaji, aliyekuwa mshonaji. Mama mzaa chema, alipoambiwa kazi ya mchumba, alicheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Mwanangu, huyu atakupenda vizuri ukishakufa, ndiyo kazi yake." Bibi arusi akajibu kwamba angalau jina lake litaandikwa bila makosa.

Mtoto wao wa kwanza, msichana, alizaliwa tarehe 2 Februari 1971. Mwezi wa Julai marehemu aliitwa mbali kuchonga mawe ya nguzo za daraja, akaenda, na akiwa huko, tarehe 20 Septemba, mtoto akafariki kwa homa, akazikwa kesho yake katika upande huu wa chini. Habari zilimfikia baba baada ya udongo kukauka. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzikwa upande huu, kwa kuwa mwaka uliofuata makaburi mapya ya manispaa yalifunguliwa, na hili nalo mlishike.

Mama yake alipanda kichwani pa kaburi tunguu moja la ua alilolitoa mlangoni pa bibi yake. Ua hilo wapo wanaoliita yungiyungi, na wapo wanaoliita ua la mvua, lakini msomaji, ambaye hapendi kitu kimoja kiwe na majina matatu, atalitaja kwa jina alilolitumia yule bibi, yaani taa. Wakati wa kiangazi taa haionekani, imelala chini kama kitunguu kilichosahauliwa. Mvua za kwanza zikigonga ardhi, inachomoza shina tupu lisilo na jani, na juu yake ua jekundu, la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Baada ya siku chache ua hunyauka, ndipo majani mapana yanapofuata.

Marehemu aliporudi, mkewe alimwambia, "Twende nikuonyeshe mwanao alipo." Marehemu akakataa.

"Siwezi kusimama pale mikono mitupu," alisema. "Nitakwenda na jiwe."

"Mtoto hajui kusoma, baba."

"Mimi najua."

Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa fundi wetu. Jiwe la kwanza lilipasuka, la pili lilikuwa na mshipa wa kijivu uliopita katikati ya jina, la tatu patasi iliteleza kwenye herufi ya mwisho, naye hakutaka kumwekea mwanawe jiwe ambalo asingemwekea mtoto wa mtu mwingine. Mawe ya watu yalitoka karakana kila mwezi na la kwake halikutoka. Watoto wengine wawili walizaliwa, binti mwaka 1973, ambaye leo ni fundi wa umeme, na mwana mwaka 1976, ambaye ni dereva wa treni, na miaka ikaenda, mama akija hapa peke yake kila mvua za kwanza kuitazama taa, baba akisema, "Bado kidogo."

Mwaka 1978 kanisa lilitarajia ugeni wa askofu, na marehemu akachaguliwa kuongoza usafi wa makaburi. Ni haki kusema uwanja ulikuwa umefunga kweli, majani yamefika kiunoni, mbigiri zinashika nguo za watu, na juu ya mawe yake mwenyewe palikuwa na mabaka ya ukoga, ya kijivu na ya rangi ya chungwa bivu, ambayo aliyachukia kama mtu anavyochukia matope kwenye shati la Jumapili. Asubuhi ya Jumatatu, katikati ya Mei, alisimama mlangoni pa kanisa mbele ya vijana wenye majembe, mafyekeo na reki, akawapa amri fupi aliyoiona haina utata: "Ondoeni kila kisicho na jiwe." Kisha akaenda karakana kumaliza kazi ya mteja.

Yeye alikusudia vichaka. Vijana walifanya walichoambiwa. Upande wa chini hakukuwa na jiwe hata moja, kwa kuwa waliozikwa huku hawakuwa watu wa mawe, na misalaba yao ya miti ilikuwa imeliwa na mchwa zamani, lakini jamaa zao walikuwa wamewapandia. Mpishi wa shule alikuwa na mshubiri kichwani. Mkunga alikuwa na mwasumini. Dobi alikuwa na mchaichai, ambao mjane wake alikuja kuukata majani mawili matatu kwa ajili ya chai, akisema ni mumewe anamkaribisha. Kila mwenye mtu wake huku alimjua kwa mmea wake, na haikuwahi kupita akilini mwa mtu kuandika popote, kwa sababu hakuna mtu aliyedhani mmea unaweza kusahau mahali pake. Kitabu cha maziko kilitaja majina na tarehe, hakikutaja mahali. Kufikia Jumamosi upande wote huu ulikuwa mwekundu, mtupu, umefagiliwa kama ua wa nyumba, na mistari ya mafagio inaonekana.

Jumapili marehemu alisimama getini akipokea pongezi. Mkewe aliingia, akafika pale ngazi zinaposhukia huku chini, akasimama.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza.

"Mimi," alisema marehemu, bado anacheka na watu.

Hakumpigia kelele. Alimkaribia, akamwambia kwa sauti ya chini kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwamba kifungo chake kimefunguka, "Umemfagia mwanao," akapanda ngazi, akaingia kanisani, akakaa benchi la nyuma.

Marehemu hakuingia ibadani. Alizunguka nyuma ya ukuta kwenye lundo la takataka, akaanza kulichimba kwa mikono akiwa na koti lake jeusi, akapata matunguu, mengine mazima, mengine yamekatwa vipande na majembe, lakini tunguu likiwa mkononi halisemi lilitoka wapi. Alasiri jamaa za mpishi walikuja, na za mkunga, na mjane wa dobi, ambaye alimuuliza, "Fundi, sasa chai yangu nitakwenda kuikata wapi?"

Mwezi ule ule alilimaliza jiwe la mwanawe. Ndilo jiwe bora kuliko yote aliyowahi kuchonga, na halikuwa na pa kwenda. Mkewe, katika maneno machache aliyomwambia mwezi ule, alisema, "Liweke popote, tulale." Marehemu akajibu kwamba jiwe likisema mtoto yuko hapa, naye hayupo hapa, litakuwa limesema uongo kwa miaka mia mbili. Akaligeuza uso ukutani, kwenye kona ya karakana, na hapo likakaa.

Aliuacha uongozi wa usafi, akaomba jambo moja tu, kwamba jembe wala fyekeo lisiingie upande wa chini mpaka mvua zije. Aliyatawanya matunguu yaliyopona juu ya udongo ule, akayafukia, akangoja. Familia inakumbuka kiangazi kile kama mtu anavyokumbuka njia ya ukingoni mwa korongo. Nyumbani watu walikula, walifua, waliitikiana, lakini sahani zilikuwa zikiwekwa mezani kwa uangalifu mno, na hakuna aliyelitaja kanisa.

Mvua za kwanza zilinyesha Novemba ya mwaka ule, na siku ya nne marehemu alikuja mbio nyumbani, matope hadi magotini, akiita tangu barabarani, "Mama watoto! Njoo! Imewaka!" Alisahau kwamba alikuwa hajawahi kuiona taa hata mara moja. Mkewe aliacha cherehani na nguo ya mtu ikining'inia kwenye sindano, wakaja pamoja. Moja ilikuwa imesimama karibu na ukuta. Nyingine ilikuwa kando ya njia. Walipotupa macho mbele wakaona nyingine tatu, na kule kwenye kona nyingine, kwa kuwa majembe yalikuwa yamelikata tunguu mama na vitunguu vyake vidogo, reki zikavikokota huku na huko, na vilivyobaki ardhini vikaota kila kimoja mahali kilipoachwa, pamoja na vile alivyovifukia mwenyewe.

"Ni ipi?" aliuliza marehemu.

Mkewe alisimama katikati, akageuka upande huu, akageuka upande ule, mkono kifuani. Kisha akasema, "Sijui. Sasa usikanyage popote."

Marehemu alilichukua neno hilo jinsi lilivyo. Kwa kuwa mtoto angeweza kuwa popote, popote pakawa kaburi, na kuanzia mwaka ule alikuwa mlinzi wa upande wa chini, bila cheo na bila kuagizwa. Pembezoni alipita kwa vidole vya miguu. Hakufyeka, hakuchoma moto, hakupalilia. Kamati zilizofuata zilimwita Mzee wa Magugu, na kuna muumini mmoja mcheshi aliyesema Fundi Jiwe kahamia kwenye biashara ya majani.

Wa kwanza kurudi walikuwa ukoka na ndago, ambao hawasubiri mwaliko. Kisha kifauongo, ambalo ukiligusa linajikunja kama limekufa, na marehemu alilipenda sana kwa kulikuta makaburini, akisema hapa ndipo mahali pekee panapomfaa muigizaji huyu. Ukaja mshubiri, mmoja, pembeni, na familia ya mpishi ikaja kuusalimia ingawa haikujua kama ni wenyewe. Mwasumini ulipanda ukuta. Mchaichai haukurudi kamwe. Nyuma ya majani wakaja wanaokula majani, na nyuma yao wanaowala hao, konokono, jongoo, panzi wa rangi ambazo msomaji hajaziona penginepo, vinyonga, mijusi, tetere, chozi wadogo wanaonyonya maua kwa midomo iliyopinda, kalunguyeye mwenye miiba aliyejikunja chini ya ngazi, na bundi aliyekaa mnarani. Nyuki walijenga katika ufa wa kaburi kongwe la juu. Hata ukoga wa mawe, aliokuwa akiusugua kwa brashi ya waya, aliacha kuusugua, akawa anaupitishia kidole na kusema kwamba huyu naye anachonga, ila hana haraka.

Mwaka 1996 alikuja mwalimu wa chuo, mtaalamu wa mimea, aliyekuwa akipita tu na gari lake likapata pancha hapo barabarani. Alichungulia juu ya ukuta, akasahau gurudumu. Alimweleza marehemu jambo ambalo marehemu hakulijua, kwamba ukuta huu ulijengwa kabla mashamba na mitaa haijafika huku, kwa hiyo ardhi iliyomo haijawahi kuonja plau, na majani yaliyokuwa yameenea pande zote hizi zamani, sasa yamebaki humu ndani peke yake, kama familia iliyojifungia chumba kimoja nyumba ikiuzwa. Alimwonyesha nyasi tatu ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezisoma vitabuni tu. Alikuwa akirudi kila mwaka na wanafunzi wake, wakipiga magoti pembezoni, na marehemu akiwafokea, "Magoti nyuma, mwalimu, hapo kuna mtu!" Naye mwalimu akijibu, "Pole, mzee, nimemkanyaga mtu wako?" Wakawa marafiki wa kutaniana. Leo yupo kati yetu, amesimama nyuma ya kamba kama alivyofundishwa.

Ndugu waombolezaji, tunafika kwenye sababu ya kamba.

Kanuni ya kanisa letu inasema ardhi alimozikwa mtu haitajengwa wala kufunikwa mpaka miaka hamsini ipite tangu maziko ya mwisho. Mwezi Septemba 2021 miaka hamsini ya mtoto yule ilitimia. Ni yeye aliyekuwa ameushikilia upande huu, akiwa na umri wa miezi saba, bila mtu kufahamu, na siku zake zilipokwisha, kamati ya majengo ikaleta mpango wa kuufunika kwa vitofali, pawe maegesho ya magari. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mfamasia wetu, hakuwa na nia mbaya. Wazee walikuwa wakishuka mbali na kutembea juani, nyuki walikuwa wamemuuma mtoto wa shule ya Jumapili, na mwaka ule nyoka aliingia ofisini kwa mchungaji.

Kikao kikubwa kilikaa Februari mwaka huu wa 2023. Marehemu alikuwa tayari anaumwa. Vumbi jeupe lililokaa juu ya kope zake lilikuwa limekaa pia ndani ya mapafu yake, na madaktari walikuwa wamemwambia waziwazi tangu 2020 kwamba halitatoka. Alikuja akishikiliwa na binti yake. Mwalimu wa chuo alizungumza kuhusu nyasi, akasikilizwa kwa heshima. Kisha mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, "Mzee wetu, kule chini hapana hata jiwe moja. Na ni wewe uliyetufundisha sote, hata mimi nilipokuja kwako kwa ajili ya mama yangu. Kaburi ni jiwe. Pasipo jiwe ni udongo tu."

Watu walitazamia atapiga kelele, au atamlilia mtoto wake, lakini marehemu aliuliza jambo dogo.

"Mwenyekiti, kanuni inahesabu kutoka maziko ya mwisho?"

"Ndiyo, mzee."

"Maziko ya mwisho yakiwa mapya, hesabu inaanza upya?"

"Inaanza upya. Lakini nani atazikwa kule, Fundi? Hakuna aliyekufa."

Marehemu alikohoa mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Subirini kidogo."

Kuna waliocheka. Mkewe hakucheka.

Tangu siku ile yalikuwa mashindano, na familia iliyaishi kwa roho mkononi. Kamati ilipitisha mpango, ikapanga kazi ianze Jumatatu tarehe 16 Oktoba. Marehemu alilazwa Agosti. Septemba alipata nafuu, akaanza kula, rangi ikarudi, na daktari alipomletea habari hizo njema kwa uso wa furaha, marehemu alimjibu, "Daktari, unanichelewesha." Mwanawe, dereva wa treni, ambaye hakukubaliana naye na hakuficha, alimwambia kando ya kitanda, "Baba, tuna nafasi kule manispaa. Watu watasema nini, mtoto wa fundi jiwe kamzika baba yake vichakani bila jiwe?" Marehemu akamwambia, "Waambie waje wasome majani." Baadaye alimshika mkono, akamwagiza vitu viwili ambavyo mtasikia mwishoni, na mwana akaviitikia shingo upande, kwa sababu ni baba. Vitofali vilianza kuteremshwa getini Jumanne ya wiki hii. Kesho yake, Jumatano tarehe 11 Oktoba 2023, saa nane mchana, marehemu alifariki, mkewe akiwa ameshika mguu wake juu ya shuka.

Ruhusa ya kumzika huku ilikuwa haijatolewa. Mchungaji aliiachia kamati, kamati ikaahirisha, na leo asubuhi mjane alikuja na kigoda chake, akakiweka hapo mnapoona shimo, mahali ambapo katika mvua zote hizi hajawahi kuona taa, akaketi. Wachimbaji wakasimama. Mwenyekiti akafika.

"Mama, hapa pamepangiwa kazi," alisema.

"Najua, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Kule juu, mama."

"Nani alimchongea?"

"Fundi."

"Alimkosea herufi?"

Mwenyekiti alitazama juu, akatazama chini. "Hapana, mama. Hakumkosea."

"Basi na wewe usimkosee."

Mwenyekiti aliondoka. Sisi tuliobaki hatukujua ameenda kuita nani. Alirudi na kamba kutoka kwenye gari lake, akaifunga mwenyewe kutoka ukutani hadi kwenye ngazi, na hiyo ndiyo kamba mliyosimama nyuma yake, naye ndiye yule aliyeshika ncha yake mpaka sasa kana kwamba itakimbia.

Uchimbaji ulikwenda polepole, kwa koleo ndogo, kila mtu akiogopa kitu kimoja bila kukitaja. Shimo lilipofika magotini, mchimbaji aliinua mkono, wote tukaganda. Lilikuwa tunguu, pembeni, limekaa peke yake. Mjane aliomba alishike, akalipapasa, akasema, "Hiki ni kitoto tu, mama yake hayuko hapa, endeleeni." Wakaendelea mpaka chini, na hapakuwa na kitu kingine ila udongo. Mikono yake mnaiona imefungwa mapajani. Amelishika mpaka sasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomchelewesha kwa upendo, majirani wa nyuma ya stesheni, waliovumilia nyundo yake tangu mwaka 1968, mafundi wenzake, waliolibeba kutoka karakana lile jiwe lililogeuzwa ukutani, mwalimu wa chuo na wanafunzi wake, mchungaji, na mwenyekiti wa kamati ya majengo.

Sasa maagizo mawili ya marehemu. La kwanza, jiwe la mwanawe lishuke naye, lilazwe kifuani pake, jina likitazama juu, kwa kuwa alisema huko chini halitamdanganya mtu, na atakapomkuta mwenyewe, atampa mkononi. La pili, juu ya kaburi lake pasiwekwe jiwe la aina yoyote. Mjane atalifukia tunguu kichwani pake, sote tutarudi nyuma ya kamba, na mkitaka kujua amelala wapi, mawingu mnayaona, mvua si mbali.

Pumzika, Fundi, kwa amani ambayo hakuna mtu ataifagia.